Nifanye uzamivu kwa profesa wangu, au nihame chuo?

SWALI

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kikuu kimoja cha umma. Nina umri wa miaka 29, nimeolewa, na nina mtoto wa miaka mitatu. Shahada yangu ya kwanza na ile ya uzamili nilizisomea katika chuo hicho hicho kilichoniajiri, na katika uzamili nilisimamiwa na profesa ambaye ndiye aliyenifundisha kazi hii tangu namna ya kuandika uwandani kwa penseli, kwa kuwa wino huyeyuka maji ya chumvi yakiugusa. Utafiti wangu ulihusu mwani unaolimwa pwani ya mashariki ya Unguja, hasa aina ya cottonii, ambayo wakulima wa Paje na Jambiani wamekuwa wakiipoteza kila maji yanapopata joto: matawi hugeuka meupe, hulainika, kisha hukatika na kuchukuliwa na mkondo, kamba ikabaki tupu. Kwa miezi 14 nilishuka nao kila bamvua, nikipima uzito wa mashada na joto la maji, na profesa wangu alikuja kunitazama mara nne, suruali akiwa ameikunja hadi magotini.

Sasa anataka niendelee naye moja kwa moja hadi uzamivu. Mwajiri atanisamehe ada, nitaendelea kufundisha, na takwimu za uzamili zitakuwa msingi wa kazi mpya. Hata hivyo, miezi michache iliyopita niliomba, kwa kubahatisha tu, nafasi ya uzamivu iliyotangazwa na chuo kimoja cha Sweden, na nimekubaliwa. Ni nafasi ya miaka minne yenye mshahara, na mada yake ni vinasaba vya mwani unaolimwa magharibi mwa Bahari ya Hindi. Natakiwa kujibu kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Profesa wangu bado sijamwambia.

Amebakiza miaka miwili na nusu kustaafu, na huniahidi kwamba atanimaliza kabla hajaondoka. Nilipoandika tasnifu ya uzamili, sura yangu ya tatu ilikaa kwake miezi saba, si kwa uzembe, bali kwa sababu alikuwa na wanafunzi wengine 11 na majukumu ya utawala. Iliporudi, kila ukurasa ulikuwa umejaa maoni ambayo mfano wake sijaupata kwa mtu mwingine. Wenzangu wamegawanyika. Mmoja ananiambia kwamba mwenye shahada zote tatu kutoka chuo kimoja ataonekana maisha yake yote kuwa mtoto wa nyumbani. Mwingine, ambaye ni mkubwa kwangu kazini, alinijibu kwa methali: usiache mbachao kwa msala upitao. Mume wangu anafanya kazi bandarini Malindi, hapa hapa Unguja. Anasema hatanizuia, lakini hawezi kuniahidi kwamba atanifuata.

Je, kuhama chuo baina ya uzamili na uzamivu kuna faida ya kweli, au ni utovu wa shukrani uliovikwa joho la elimu?

Mhadhiri Msaidizi, Unguja

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwenye ile sura ya tatu iliyokaa miezi saba, kwa sababu jibu langu linaanzia hapo. Umeniuliza habari za vyuo, lakini karibu kila ulichoandika kinahusu watu. Ndivyo inavyopasa kuwa. Shahada ya kwanza husomeshwa na chuo, kwa ratiba, kumbi za mihadhara na mitihani yake. Uzamivu husimamiwa na watu wawili au watatu wanaosoma unachoandika, na jina lililo juu ya lango huwa na kazi ndogo sana siku unapokwama katikati ya uchambuzi saa nne usiku. Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha Unguja na Sweden, linganisha wasomaji: nani atasoma rasimu zako, atazirudisha baada ya muda gani, na je, atakuwapo kazini hadi siku ya utetezi?

Kwa profesa wako, maswali mawili ya kwanza tayari una majibu yake. Anasoma vizuri sana na anasoma polepole. La tatu ndilo linalonitia wasiwasi. Vyuo vyetu vingi huandika kwamba uzamivu ni wa miaka mitatu, na kwa mwanafunzi asiye na kazi nyingine hilo linawezekana, lakini mhadhiri msaidizi anayefundisha, anayesahihisha mitihani na kuwatembelea wanafunzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo, mimi sijaona wengi waliomaliza chini ya miaka mitano. Mwaka wa kwanza pekee huliwa na andiko la utafiti: kuliandika, kulitetea idarani, kulirekebisha, kulitetea tena ngazi ya juu, kisha kutafuta vibali. Ukigawa miaka miwili na nusu kwa sura zinazokaa miezi saba saba, hesabu haifiki mwisho. Profesa wako hakudanganyi anapokuahidi. Anakupenda, na mtu anayependa hukadiria muda kwa moyo. Lakini akishastaafu, kuongezewa mkataba si jambo lililo mikononi mwake, na wewe utarithiwa na mtu ambaye hakukuchagua wala hakuichagua mada yako.

Nayasema haya kwa kuwa mimi nilirithiwa. Nilisoma shahada zangu zote mahali pamoja, kwa sababu zinazofanana na zako, na katika mwaka wangu wa pili wa uzamivu msimamizi wangu aliteuliwa kushika wadhifa nje ya chuo. Nikapewa mwingine, mtu mwema, ambaye maisha yake yote alikuwa ameyatumia kwenye mikoko, ilhali mimi nilikuwa nikitafiti samaki wa miambani. Akaniomba niongeze sura ya mikoko ili naye awe na la kusema mbele ya watahini. Sura hiyo ilinigharimu karibu miaka miwili, imo katika tasnifu yangu hadi leo, na hakuna aliyewahi kuinukuu, mimi mwenyewe nikiwamo.

Sasa niiguse ile methali, maana mwenzako ameitumia mahali pasipo pake. Mbachao ni mkeka mkuukuu, lakini ni wako na utaukuta nyumbani kila ukirudi. Msala upitao ni wa mwenyewe, naye akiondoka huondoka nao. Basi jiulize kwa haki, katika hizi nafasi mbili, ni ipi inayopita? Ya Sweden imeandikwa miaka minne. Ya nyumbani imeandikwa miaka miwili na nusu. Mbachao wako hasa si usimamizi wa profesa, bali ni ajira yako, uwanja wako wa Paje na Jambiani, na akina mama wanaokuita kwa jina maji yakitoka, na hivyo vyote unaweza kuvishika hata ukisajiliwa kwingine, mradi uombe ruhusa ya masomo kwa maandishi na uusome mkataba wa kurudi kutumikia kabla hujautia saini.

Kuhusu kuonekana mtoto wa nyumbani, mwenzako wa kwanza ana ukweli, ila ameuweka kwenye jina badala ya kuuweka kwenye kazi. Nchini Ujerumani kuna desturi ya muda mrefu kwamba aliyepata sifa ya kuwa profesa katika chuo fulani hapewi kiti cha profesa katika chuo hicho hicho, na Marekani idara nyingi husita kuajiri wahitimu wao wenyewe wa uzamivu. Wanachokiogopa ni ukoo wa kitaaluma unaooana wenyewe kwa wenyewe: mwalimu akikosea namna ya kupima, mwanafunzi hukosea vivyo hivyo, na mjukuu wa kitaaluma huamini kwamba hiyo ndiyo namna. Sisi wenyewe hatukuanza hivyo. Kati ya 1963 na 1970, Dar es Salaam, Makerere na Nairobi vilikuwa chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, na katika miaka ile ya mwanzo Mganda aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam, na Mtanzania aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, wala hakuna aliyeambiwa kwamba amewakimbia walimu wake.

Hata hivyo, usiende Sweden kwa kutafuta cheo. Kutoka mhadhiri msaidizi hadi mhadhiri kinachotakiwa ni uzamivu wa chuo kinachotambulika. Wa nje utaupeleka Tume ya Vyuo Vikuu ili utambuliwe, na baada ya hapo utawekwa kwenye mizani ile ile na wa nyumbani. Kuanzia hapo kamati za upandishaji vyeo husoma makala zako, hazisomi stempu za pasipoti.

Sababu ninayoiona mimi imo ndani ya mwani wenyewe, na nashangaa kwamba hukuitaja. Kilimo cha mwani wa biashara Unguja kilianza 1989, tena huko huko Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Tangu hapo mkulima hukata kipande cha mmea wa jana na kukifunga kwenye kamba ya leo, kwa hiyo sehemu kubwa ya kilichomo baharini ni mmea ule ule uliogawanywa mara zisizohesabika, ambao joto likiushinda mmoja huwa limewashinda wote. Wakulima wamekimbilia aina nyingine ya mwani, spinosum, kwa sababu huvumilia, ingawa bei yake ni ndogo kuliko ya cottonii. Wewe kwa miezi 14 umehesabu vifo, na umevihesabu vizuri, lakini daftari na kipimajoto haviwezi kukueleza kama mwani wa porini wa pwani hii ni ndugu wa cottonii anayestahimili joto, wala kama mbegu mbili anazoziona mkulima kuwa tofauti ni tofauti kweli. Hilo ni swali la vinasaba. Ukibaki, uzamivu wako una hatari ya kuwa uzamili ulioongezwa urefu: vijiji vinne badala ya viwili, misimu mitatu badala ya mmoja, na hitimisho lile lile kwamba joto linaua. Mtahini wa nje mwenye macho makali atakuuliza kipya ni kipi, na sidhani utakuwa na jibu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni uende. Lakini usiitikie kabla ya kuuliza mambo fulani kwa maandishi, kwa sababu nafasi ya aina hii ina mtego wake, na wengi wa kwetu wamenaswa nao.

Mada iliyotangazwa pamoja na mshahara ni mali ya mradi wa mtu mwingine. Kuna watafiti wanaomchukua mwanafunzi wa pwani yetu kwa kuwa anajua Kiswahili, anajua maji na hatapotea Jambiani, kisha wakamfanya mkono wa uwandani: yeye anakusanya, wao wanachambua, na jina lake linatokea la nne katika makala. Muulize msimamizi mtarajiwa ni makala zipi utakazokuwa mwandishi wa kwanza, nani atakayefanya kazi ya maabara, na takwimu zitahifadhiwa wapi mradi ukiisha. Muulize pia kuhusu sampuli. Kuzitoa nchini kunahitaji vibali na mkataba wa uhamishaji wa sampuli, na kibali cha utafiti cha Zanzibar si kile cha Bara. Mtu akikwambia kwamba jambo hilo huisha kwa wiki mbili, ujue hajawahi kulifanya. Na uulize utakaa Unguja miezi mingapi kwa mwaka, na ipi. Mwani hufa kaskazi maji yakiwa ya moto, na bamvua haisubiri ratiba ya semina za Ulaya. Ukiwa kule Desemba hadi Machi kila mwaka, utakuwa unasoma ugonjwa kwa kusimuliwa.

Waandikie na wanafunzi wake wawili waliokwisha kumaliza, na mmoja aliyeacha njiani ikiwa yupo. Waulize rasimu zao zilirudi baada ya siku ngapi. Mtumie na msimamizi mwenyewe kurasa mbili za uchambuzi wako wa uzamili, umwombe maoni, kisha uhesabu. Akirudisha baada ya siku kumi na maoni ya maana, umepata msomaji. Akirudisha siku ya pili kwa maneno ya pongezi tu, hakusoma.

Utaratibu wa Sweden una mambo yanayokufaa, na uyadai kama haki kwa sababu ni haki. Mwenye nafasi ya uzamivu kule kwa kawaida ni mwajiriwa, halipi ada, na kazi za idara kama kufundisha haziruhusiwi kuzidi asilimia 20 ya muda wake. Kila mwanafunzi huwa na mpango wake wa masomo ulioandikwa na kupitiwa kila mwaka, na kanuni inataka awe na wasimamizi wasiopungua wawili. Tasnifu za sayansi mara nyingi hukusanya makala kadhaa badala ya kuwa kitabu kimoja kirefu, na mwisho wake ni utetezi wa hadhara ambapo mtaalamu kutoka nje, anayeitwa mpinzani, anakuhoji mbele ya yeyote anayetaka kuingia. Wiki tatu au zaidi kabla ya siku hiyo tasnifu hutangazwa, na katika vyuo vingi mwanafunzi bado huigongomelea ubaoni kwa nyundo na msumari. Nimewahi kushuhudia. Kijana alikosa shabaha mara mbili kwa wasiwasi, na mara ya tatu alijigonga kidole.

Ile kanuni ya wasimamizi wawili ndiyo ufunguo wa mlango unaoogopa kuubisha. Profesa wako anaweza kuwa msimamizi mwenza. Ushirikiano baina ya watafiti wa bahari wa Sweden na wa kwetu ni wa miongo kadhaa, na upande wa pili hautaona ajabu kuombwa hivyo. Kama msimamizi mwenza hatabeba tena mzigo wa taratibu za chuo uliompotezea muda. Atabaki na lile alilo fundi wake, yaani kusimama majini akakwambia kwamba kamba hizi umezifunga karibu mno. Kustaafu hakutamwondoa kwenye kazi hiyo, mradi mlikubalie jambo hilo sasa.

Ya nyumbani kwako nitayapita upesi, kwa kuwa mwenye nyumba hujua zaidi. Mtoto wa miaka mitatu leo atakuwa wa miaka saba utakapomaliza. Usikubali jibu la mumeo kwamba hatakuzuia likawa ndilo mwisho wa mazungumzo. Kutokuzuia si kukubali. Kaeni na kalenda mpange mtoto atakuwa wapi kila nusu mwaka, mkizingatia kwamba kazi ya uwandani itakurudisha Unguja kwa miezi kadhaa. Masharti ya ukaazi wa familia myaulize ubalozini, msiyasikilize barazani.

Ikiwa majibu ya Sweden yatakuwa mabaya, usirudi kwenye mpango wa profesa kama ulivyo. Kuna njia ya kati. Unaweza kusajiliwa nyumbani, ukatafuta msimamizi wa pili aliye kijana na mwenye ujuzi wa vinasaba, kisha ukaenda maabara ya nje kwa kipindi maalumu. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola una mpango wa namna hii, ambapo aliyesajiliwa kwao hukaa katika chuo cha Uingereza kwa kipindi kisichozidi miezi 12, na Chuo Kikuu cha Wageningen kule Uholanzi wana uzamivu unaoanza na kumalizikia kwao huku utafiti wenyewe ukifanyika nyumbani kwa mwanafunzi. Kwa gharama ndogo za uwandani, WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yenye makao yake hapo hapo Zanzibar, hutoa ruzuku za utafiti. Njia hii ni ndefu na ina maombi mengi ya kuandika, lakini haikuachi mikononi mwa msomaji mmoja.

Limebaki la kumwambia profesa. Umekaa nalo muda mrefu mno. Duru yenu ni ndogo, na mtu wa Sweden anaweza kumwandikia kesho akimuuliza habari zako. Akisikia kwa njia hiyo ataumia, na atakuwa na haki. Usimpigie simu wala usimtumie ujumbe. Nenda ofisini kwake asubuhi, kabla watu hawajaanza kumgongea mlango, umweleze kwamba umepata nafasi, kwamba swali la vinasaba hamna maabara ya kulijibu, na kwamba unamwomba awe msimamizi mwenza. Usimtajie kustaafu kwake. Analijua. Huenda akanyamaza, mwache anyamaze. Wengi wa rika letu tulipelekwa nje na walimu waliojua kwamba wanampoteza msaidizi, na baada ya ukimya ule hukumbuka.

Na usiende mikono mitupu. Tasnifu yako ya uzamili bado haijazaa makala, au ingekuwa umeitaja. Iandike sasa, kabla ya safari, jina lako likiwa la kwanza na lake likifuata, na siku hiyo umpelekee rasimu iliyochapwa kwenye karatasi yenye pambizo pana, kwa sababu mtu aliyejaza kila ukurasa wa sura yako ya tatu hakufanya hivyo kwenye simu. Mwambie unaihitaji baada ya wiki tatu. Safari hii nadhani atairudisha kwa wakati.